Mtoto wa mume wangu ananikatia kofia

Shangazi, asalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Fuoni, Unguja, na kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Huu ni mwaka wa tatu tangu niolewe na mwanamme ambaye alishawahi kuoa, nami nilishawahi kuolewa. Nilikuja na binti yangu, sasa ana miaka tisa, na tumejaaliwa mwengine wa kiume, ana mwaka na nusu. Mume wangu anafanya kazi hotelini Kiwengwa. Hurudi Alkhamisi usiku, na Jumamosi alfajiri keshaondoka.

Mtalaka wake aliolewa tena akaenda zake Maskati. Mtoto wao alikuwa na miaka mitano, akabaki Konde, Pemba, kwa bibi yake mzaa mama. Sikuwa namjua vizuri. Alikuja kwetu sikukuu mbili, mtoto kimya, anakula kidogo. Mwaka jana, katikati ya msimu wa karafuu, yule bibi akafariki. Mume wangu akavuka kwenda kuzika, na siku ya nne, matanga yameondoka jana yake, akapanda boti na mtoto. Hatukuwa tumezungumza. Nimefungua mlango namkuta kasimama nyuma ya baba yake na kiroba kimoja cha nguo.

Nilimpokea, Mungu ndiye shahidi wangu. Nikamtafutia skuli, nikamtia chuo cha Kur'ani, nikamshonea sare kwa mikono yangu. Nguo zake za Pemba nyingi zilikuwa mbovu, nikazichambua. Alikuwa na kanga moja kongwe akijifunikia usiku, hata jina lake halisomeki, inanuka moshi na mafuta ya nazi. Nikaikata matambaa ya kudekia, nikamnunulia shuka mpya. Binti yangu nilimwambia huyu ni kaka yako, na akamwita kaka tangu siku ile.

Hata wiki mbili hazikupita akaanza. Nilikuwa na kofia ya viua vidogo, ya bwana harusi, miezi miwili ya sindano, imekwisha, inangoja kufuliwa tu. Nimeiweka juu ya kabati nikaifunika leso. Siku ya kuichukua nikainyanyua, ikanibaki nusu mkononi. Alilikata duara la juu kwa wembe, lote, uzuri kabisa, kama mtu anayekata mkate wa kumimina, halafu akalirudisha pahala pake na leso juu. Shangazi, nilikaa chini.

Tangu hapo zimekuwa kofia tatu. Mpira wa maji kaukata vipande. Daftari za binti yangu kazitia kwenye ndoo. Siku moja alitia mchanga kwenye sinia ya wali tukiwa tumeshakaa, na tangu siku hiyo yeye namuwekea sahani yake jikoni. Wiki iliyopita nimemkuta chumbani na kibiriti, kona ya pazia imeungua. Mdogo hajamgusa, lakini nakhofu, usiku nafunga mlango kwa ufunguo. Ukimuuliza hasemi neno. Anakutazama tu.

Mume wangu akirudi namweleza. Anamwita uani, anamchapa bakora, mtoto halii, mambo yamekwisha. Ijumaa anakwenda msikitini, akirudi analala, Jumamosi hayupo. Kofia zote tatu zilikatwa Jumatano au Alkhamisi asubuhi. Nadhani kazichunguza siku ambazo wateja wangu huja kuchukua.

Mama mkwe anasema mimi ndiye ninayemdekeza, mtoto ana miaka 11, na hadithi imesema bakora ni miaka kumi. Jirani yangu anasema kaja na shetani, kwani Pemba unakujua, niite mganga. Mama yake hupiga simu anapotaka, mara mbili kwa wiki, mara mwezi mzima kimya.

Je, nitakuwa na dhambi nikimwambia mume wangu achague, ampeleke kwa mama yake Maskati au anipe talaka yangu? Na naona haya kuliandika hili, lakini nimeanza kumchukia. Nikisikia viatu vyake mlangoni akirudi skuli, tumbo linanikaza.

Mshona Kofia, Fuoni

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimechukua kalamu nyekundu. Nitakwambia nilipopiga mstari, na pengine utashangaa, maana si kwenye kofia.

Ila kofia nazo tuziseme, kwa sababu naona katika nyumba yako hakuna aliyezililia ila wewe. Asiyeshona hajui. Anaona kitambaa cheupe chenye vitobo. Hajui kwamba kila kitobo kimezungushiwa uzi kwa mkono, mwanamke kakaa mlangoni kwenye mwangaza, macho yanamuuma, mtoto analia, na sindano haikosei. Miezi miwili hiyo ni chakula, ni ada, ni jina lako kwa wateja. Mume wako siku akikwambia "si kofia tu", mpe sindano ashone viua kumi, halafu muendelee na mazungumzo.

Na hiyo haya ya kumchukia mtoto, ipunguze. Wanawake waliowazaa wenyewe hufika hapo, ila hawaandiki barua. Mimi nimelea mtoto wa mume wangu tangu ana miaka saba. Mwaka wa kwanza alinimiminia mafuta ya taa kwenye debe la mchele, mchele wa mwezi mzima. Nilimpiga hadi mikono ikaniuma. Leo ana watoto wake, hunijia kila Ijumaa na mkate wa ajemi, na hajanikumbusha hata siku moja. Mimi ndiye ninayekumbuka.

Sasa mstari wangu wa kwanza. Umeandika kwa haraka, kama kitu kilichopita njiani, kwamba mtoto alikuwa na kanga kongwe ukaikata matambaa ya kudekia. Sentensi moja, kisha ukaendelea na shuka mpya. Na mara baada ya hapo umeandika: hata wiki mbili hazikupita akaanza.

Mwanangu, hebu ifikirie ile kanga ilikuwa ya nani. Mtoto wa miaka 11 hanunui kanga. Moshi na mafuta ya nazi ni harufu ya bibi wa Konde anayepika kwa kuni na kuchana nywele zake jioni. Huyu mtoto alilala na bibi yake miaka sita. Kipindi cha karafuu walikuwa wakikaa kwenye jamvi usiku, wanachambua, karafuu huku, makonyo kule, bibi anahadithia. Bibi akafa msimu huo huo. Siku ya tatu matanga yakaondoka, siku ya nne yumo kwenye boti, hakuna aliyemuuliza unataka nini, na hukuulizwa hata wewe. Alichovuka nacho bahari ni kiroba cha nguo na kanga moja. Harufu uliyoikimbia ndiyo aliyokuwa akiilalia.

Hukujua. Nami ningeweza kuikata vile vile, na ungenikuta najisifu kwamba nimemnunulia shuka. Lakini sasa itazame ile kofia ya kwanza kwa jicho jengine. Hakuichana kwa hasira ikawa vitambaa. Aliikata uzuri, taratibu, akairudisha na kuifunika ili uje uinyanyue mwenyewe. Mtoto yule alichagua kitu ambacho mikono yako inakipenda, akakifanyia kilichofanyiwa chake. Sikwambii kwamba ni haki. Nakwambia kwamba ni usemi, wa mtoto ambaye hana mdomo wa kukwambia.

Huenda nimekosea. Huenda kanga si kitu na jambo ni jengine kabisa. Lakini kuuliza hakukugharimu chochote, na nitakwambia mwishoni uulize vipi.

Mstari wa pili ni Jumatano na Alkhamisi. Wewe umedhani anawavizia wateja. Mimi nimedhani anamngoja baba yake. Fanya hesabu. Baba anaingia Alkhamisi usiku kachoka, anaondoka Jumamosi alfajiri. Katikati yake kuna mke, kuna kitoto kipya kinachojifunza kusema baba, kuna msikiti, kuna usingizi. Mtoto huyu ana dakika ngapi? Ana zile za uani. Akiharibu kitu Jumatano, Alkhamisi baba anamwita kwa jina lake, wanatoka wawili peke yao, baba anamtazama. Bakora ndiyo inayomuuma, lakini ndiyo mazungumzo pekee anayopewa. Ndiyo maana halii.

Kwa hiyo usiniulize mimi tu ufanye nini. Nusu ya jibu hili ni la mume wako, na umsomee, au umpe simu asome mwenyewe akiwa Kiwengwa.

Bwana, mkeo amekuwa mshitaki na wewe umekuwa hakimu wa Alkhamisi. Hiyo kazi iacheni wote wawili. Mtoto ni wako. Umempandisha boti bila kushauriana na mwenye nyumba utakayomtia, basi angalau uwe nyumbani hata usipokuwepo. Kila siku baada ya magharibi piga simu, uzungumze naye yeye kwanza, dakika tano, kumi. Usiulize kafanya nini. Muulize kala nini, mpira wamecheza na nani. Alkhamisi ukirudi usisikilize kesi usiku ule. Ijumaa mchukue mwende msikitini pamoja, na mkitoka msirudi moja kwa moja. Mpitishe Darajani, mle urojo, arudi nyumbani nyuma yako akiwa ana hadithi. Na hasara ya kofia ni yako. Ulipe mkeo fedha zake, kidogo kidogo, kutoka mshahara wako, na mtoto akuone unalipa. Kofia ya bwana harusi yule, nenda naye kwa mwenyewe, msimame wote wawili mlangoni, na wewe ndiye uombe radhi naye akisikia. Hilo litamkaa kuliko bakora ishirini.

Nikirudi kwako, mwanangu. Ile sahani ya jikoni iondoe. Naelewa mchanga wa kwenye wali, ungenikera hata mimi. Lakini katika nyumba zetu sinia ndiyo familia, na anayekula peke yake jikoni keshaambiwa yeye ni nani. Unamkumbuka Umar bin Abi Salama? Mama yake ni Ummu Salama, na alilelewa na Mtume, rehma na amani zimshukie, akiwa mtoto wa mke wake. Mwenyewe anasimulia, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Akaambiwa: ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho karibu nawe. Maneno matatu. Na aliambiwa akiwa kwenye sahani ile ile. Mrudishe siniani, mkalishe karibu yako, na akitia mchanga tena mle mkate siku ile, yeye pamoja nanyi.

Mama mkwe wako mheshimu, lakini hadithi ya miaka kumi inazungumzia sala, si kofia. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, hairuhusu adabu ya kumdhuru mtoto mwili wala akili. Zaidi ya hayo bakora mmeshaijaribu miezi mingapi? Dawa isiyoponya hatuongezi dozi tu kwa sababu chupa haijaisha.

Na huyo jirani. Mtoto kusomewa Kur'ani hakuna ubaya, msomeeni, tena wewe mwenyewe ukiweka mkono wako kichwani mwake ni bora zaidi. Lakini mtu akikwambia afungwe, afukizwe hadi azimie, au apigwe shetani atoke, mtoe mlangoni. Na kejeli za "kwani Pemba unakujua" zikatae mbele ya mtoto. Nina hakika skuli anazisikia za kutosha, kila anapofungua mdomo na Kipemba chake. Pengine ndiyo sababu haufungui.

Kibiriti nakiogopa. Hapo sina maneno ya upole. Viberiti na mafuta ya taa viweke juu ukafunge, gesi ifungwe kwenye mtungi kila unapomaliza kupika, na mdogo asiachwe peke yake na kaka yake hata dakika moja kwa sasa, bila ya kumwambia kwa nini. Nyembe ziondoe. Kofia zako tia kwenye sanduku lenye kufuli, usione kama unamsingizia. Benki nazo zina kufuli.

Tena kuna jambo lazima nikuulize, ingawa halikuandikwa. Mtoto anayeharibu, anayecheza na moto, asiyesema, wakati mwengine kuna mtu mzima anayemfanyia ubaya. Anakojoa kitandani? Anakataa kwenda chuoni siku fulani, au kwa mtu fulani? Ana alama ambazo baba yake hakumtia? Angalia bila ya kumshitua. Ukiona chochote, lisimalizwe kifamilia kwa ajili ya kusitiri aibu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali ya Mnazi Mmoja. Hata kama hakuna ubaya wa namna hiyo, afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako anazungumza na watoto kama hawa, sheha wako atakuelekeza ofisi ilipo, na simu ya mtoto, 116, hulipii. Wakikwambia aonwe na daktari wa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, mpeleke na usisikilize wanaocheka. Watu wetu jina hilo wameligeuza tusi, na huku wanaolihitaji wanabaki ndani na pazia zinaungua.

Kuhusu Maskati na talaka. Unajua kwa nini mtoto alikuwa kwa bibi? Katika madhehebu yetu ya Shafi mama akiolewa na mume wa kando haki yake ya hadhana, yaani ya kukaa na mtoto na kumlea, huondoka, na bibi mzaa mama ndiye anayefuata. Haikuwa lazima kwamba mama alimtupa. Mtoto akishapambanua mambo, kiasi cha miaka saba na kuendelea, huulizwa anataka kukaa kwa nani, na kukitokea mvutano Mahakama ya Kadhi husikiliza. Kwa hiyo suala la Maskati linaweza kuzungumzwa kwa utulivu, baba, mama na mtoto mwenyewe. Lakini si sasa, na si kama adhabu. Ukimpeleka leo, ni mara ya pili ndani ya miaka miwili anabebwa na kushushwa mlango wa mtu. Unachoweza kumtaka mama yake kwa sasa ni siku moja maalumu ya kupiga simu. Jumapili saa mbili usiku kwetu ni saa tatu kwao. Akiahidi na asipige, mwambie mtoto ukweli, mama hakupiga leo, wala usimteremshie mama yake sifa wala matusi.

Dhambi ya kuomba talaka siwezi kukupimia. Ila umeulizia talaka kwa ajili ya jambo ambalo mume wako hajawahi kukaa nalo hata siku mbili mfululizo. Mpe kwanza zamu yake. Skuli zikifunga, achukue likizo avuke na mwanawe Konde, wazuru kaburi la bibi, wasome hitima, mtoto aingie ile nyumba aage. Hakuaga.

Na wewe, kabla ya hayo yote, kuna jambo la wiki hii. Usimwite, usimkalishe. Tafuteni kazi ya mikono, kuchambua mchele au kuanua nguo, ili msitazamane usoni. Mwambie: ile kanga ilikuwa ya bibi yako, nami nimeikata, sikujua, nisamehe. Usiongeze "lakini na wewe kofia zangu". Usingoje jibu. Kama kuna kipande kimebaki kwenye ndoo ya kudekia, kitoe leo, kifue, kikaushe, umpe mkononi. Akikitupa, kiokote, kikunje, ukiweke kwenye lile sanduku la kofia. Siku akikiuliza, kiwepo.